Nilitumwa Kuuliza Swali Moja kwenye Kiwanda cha Mafuta

Jamani, leo nimeaibika. Mbele ya watu kama arobaini, na kofia ngumu ya plastiki kichwani.

Nimekaa ndani ya gari, nje ya kanisa. Naandika polepole, mnanijua, kwa hiyo vumilieni. Nataka mkisikie kisa hiki kwangu kwanza, maana kuna watu wameshaanza kukitia chumvi.

Tuanze mwanzo. Tantine Esther ni mdogo wake mama yangu. Ndiye anayeongoza kikundi cha akina mama saba wa kanisa letu wanaopika kwenye harusi na misiba. Mandazi, sambusa, kuku, sombe, yaani kisamvu. Wanapika vizuri mpaka Waswahili wa Mombasa waliopo hapa wanawaita kwenye shughuli zao. Tatizo ni jiko. Hawana jiko lao. Wanakodi la watu, na kila mara wanafukuzwa kabla hawajamaliza kuosha sufuria. Kwa hiyo wamekuwa wakiweka akiba, miaka sasa, wapate jiko lao wenyewe hapa Saint Paul, Marekani.

Sasa, mafuta waliyokwisha kukaangia hawayamwagi. Kuna kampuni ndogo huko Plymouth inatuma gari kuyachukua. Wanayapika tena kwa mashine zao yanakuwa mafuta ya malori, na wanajaribu yawe mafuta ya ndege. Wanasema moshi wake hauongezi uchafu mpya angani, kwa sababu hewa inayotoka ni ile ile ambayo mmea uliivuta ulipokuwa unakua shambani. Inatoka, inarudi, inatoka. (Nilieleweshwa mara tatu. Mara ya tatu nilisema nimeelewa kwa heshima tu.)

Mwezi uliopita dereva wa lile gari alileta karatasi. Kampuni inatafuta watu wa kawaida waweke fedha yao humo, wawe wenye kampuni kidogo kidogo. Siku ya mwisho ilikuwa leo.

Kikundi kikagawanyika. Mama Furaha alisema, "Mafuta ni yetu, jasho ni letu, halafu watajirike wao? Tuingie!" Mama mwingine akasema, "Na jiko? Tutakaangia ndani ya ndege?" Wakapigana maneno Jumapili mbili. Mwisho Tantine akapiga meza.

"Bon. Tunaandika cheki. Tunasaini na fomu. Tunatia ndani ya bahasha. Tunatuma mtu aende kuwasikiliza. Lakini kabla hajatoa bahasha, anauliza swali moja: kampuni ikikufa, feza yetu inarudi ao hairudi? Wakisema inarudi, anatoa. Wakisema hairudi, anarudi nayo. Wakianza kuzungukazunguka, anarudi nayo mbio."

Wote wakakubali. Ikabaki kumpata wa kutuma. Asubuhi ya leo wote walikuwa kazini. Mimi naingia kazini jioni, kule kwenye ghala la maboksi.

"Huyu atafaa," alisema Tantine. "Haongei. Mtu asiyeongea anasikia vizuri."

Nilikataa. Nilikataa kwa sauti ndogo, hakuna aliyesikia.

Jamani, mimi nimesoma shule ya msingi tu, kambi ya wakimbizi, darasa la watoto tisini. Kiingereza changu ni cha maboksi: inua, weka, pumzika, nenda nyumbani. Mimi ndiye yule ambaye dukani akiulizwa kama anataka mfuko anasema hapana kwa sababu ya aibu, halafu anatembea na mayai mikononi. Ndiye waliyemkabidhi jiko la akina mama saba.

Leo asubuhi niliamka mapema. Nikavaa shati la ubatizo. Lile swali Tantine aliniandikia kwa Kiingereza kwenye karatasi, na mimi nikalinakili kwenye kiganja kwa kalamu ya bluu, ili nisihangaike kufungua karatasi mbele za watu. Njia nzima nilikuwa nalisema. Kwenye taa nyekundu nalisema. Mama mmoja kwenye gari la pembeni akapandisha kioo.

Nikafika. Nilitegemea jengo refu. Kumbe ni kama gereji kubwa, yenye mapipa nje yamepangwa vizuri. Mlangoni alikuwepo dada mmoja anayeitwa Linda, mchangamfu sana. Akanibandikia jina kifuani, akaniuliza kitu, nikasema ndiyo. (Mpaka sasa sijui niliulizwa nini. Nililetewa kahawa mbili.)

Ndani kulikuwa na viti vimepangwa kwa mistari, vinatazama mbele. Watu wamekaa kimya, wamevaa vizuri. Nikakaa mwisho wa mstari wa nyuma, karibu na mzee mmoja Mzungu mwenye sweta nyekundu. Bahasha ilikuwa mfukoni mwa shati, juu ya moyo. Nilikuwa naisikia ikipanda na kushuka.

Akasimama mwenye kampuni, kijana mrefu anaitwa Erik. Akaongea kwa moyo kweli. Alionyesha chupa mbili, moja ina mafuta meusi ya kukaangia, nyingine ina mafuta meupe kama maji. Watu wakasema "ooh". Na mimi nikasema "ooh", kidogo. Nilifikiri, hayo meusi labda ni ya Tantine.

Halafu akasema neno nililokuwa nalisubiri. "Maswali?"

Nikainua mkono. Ukafika kwenye sikio. Nikajikuna sikio, nikaushusha.

Mtu mwingine akauliza. Nikatazama kiganja. Jamani! Jasho! Wino wote umekuwa doa moja la bluu. Nilibakiwa na neno la kwanza na alama ya kuuliza.

"Swali la mwisho?" akasema Erik.

Mkono ukafika begani. Mama mmoja wa mbele akaniwahi. Swali lake lilikuwa refu, na mimi nilikuwa nashukuru kila neno analoongeza, maana akimaliza ni zamu yangu au basi tena. Akamaliza. Erik akajibu, akawashukuru watu, akaketi. Nikasema moyoni, tulia, utamwuliza pembeni, peke yake. Bahasha bado unayo. Hakuna kilichoharibika.

Sasa sikilizeni vizuri hapa.

Linda akaja mbele. Akasema maneno machache, haraka, kwa sauti ya upole. Na watu wote wakainamisha vichwa. Wote! Kimya kabisa. Mzee wa sweta nyekundu naye ameinama, midomo inachezacheza. Nikasema, kumbe ni watu wa Mungu! Na mimi nikainama, nikafumba macho.

Nikiwa hivyo, nikasikia kitu kinapita mstari kwa mstari. Mtu anatia, anampa mwenzake. Nikafungua jicho moja. Kikapu. Kikapu cha ukindu, kimetandikwa kitambaa ndani, kama chetu kabisa.

Ninyi mnajua tulivyolelewa. Kwetu kikapu hakikupiti hivi hivi. Toka nikiwa na miaka minne mama alikuwa ananitia sarafu kiganjani na kunikunja vidole, nisije nikaangusha. Kupitisha kikapu mkono mtupu, na jirani anakuona, ni afadhali uugue ubaki nyumbani. Na mimi mfukoni sikuwa na noti, sikuwa na sarafu. Nilikuwa na bahasha tu.

Kikapu kikafika. Mzee ananitazama. Ninawaapia, kichwa hakikufanya kazi. Mkono ulikwenda wenyewe. Bahasha ikatua juu ya kitambaa.

Hata "Amina" nilisema.

Ndipo nikaangalia vizuri ndani ya kikapu. Simu. Simu tupu. Na funguo chache za gari. Wazo langu la kwanza lilikuwa hili: hawa watu wanatoa kweli! Mtu anamtolea Mungu mpaka simu!

Yule mzee akaninong'oneza, ananionyesha sikio lake. "Na simu yako, kijana."

Nikatia na simu. (Ndiyo. Nilitia na simu.)

Linda akakichukua kikapu, akatoka nacho. Ukutani, karibu na mlango wa karakana, nikaona picha ya simu imepigwa mstari mwekundu. Ndipo nikaelewa. Tulikuwa tunaingia kwenye mashine, kuna mvuke wa mafuta, simu na vitu vya umeme haviruhusiwi. Waliinama kuzima simu zao! Hakuna aliyekuwa anaomba! Mimi peke yangu katika jengo lile nilikuwa nimetoa sadaka, na sadaka yenyewe ilikuwa jiko la akina mama saba.

Fomu imesainiwa. Cheki imesainiwa. Juu ya bahasha limeandikwa jina la kampuni, kwa herufi kubwa, kwa mkono wa Tantine mwenyewe. Swali halijaulizwa. Na simu ya kumpigia Tantine imo ndani ya kikapu hicho hicho.

Wakatugawia miwani na kofia ngumu. Kofia yangu ilikuwa kubwa, ikiniziba mpaka kwenye nyusi. Watu wakaingia karakana, mimi nikabaki nyuma ya wote, nikarudi hatua mbili kuelekea mlangoni. Nilikuwa nasema peke yangu, "Yesu wangu. Yesu wangu. Yesu wangu."

"Yesu wako kafanyaje tena?"

Nikaruka. Nyuma ya pipa alikuwa amesimama kaka mmoja mwembamba, amevaa ovaroli la kampuni, anafuta mikono kwa kitambaa. Anaitwa Salim, mtu wa Mombasa, fundi wa mashine zile. Sijawahi kufurahi kusikia Kiswahili kama leo.

Nikamweleza. Ilinichukua muda, kwa sababu nilikuwa naanzia katikati. Salim akasikiliza mpaka neno sadaka, akashika pipa kwa mkono mmoja.

"Ngoja. Umetia sadaka kwa kikapu cha simu?"

"Ndiyo."

"Na ukasema amin?"

"Ndiyo, kaka."

Akageukia ukuta. Mabega yakatikisika. Aliporudi macho yalikuwa na maji, lakini akauona uso wangu, akaacha kucheka.

"Haya, sikiza. Linda azipanga zile simu kwa vishubaka, moja moja. Akiiona bahasha ina jina la kampuni, wallahi ataifungua. Twende."

Tukatembea haraka. (Hairuhusiwi kukimbia humo, Salim anafuata sheria hata mtu akifa.) Ofisi ya Linda ina kioo kikubwa. Tulipofika kwenye kona nikamwona. Amesimama mezani. Simu zote ameshazipanga. Mkononi ana karatasi mbili, na bahasha imelala tupu juu ya meza.

Alikuwa anasoma. Akaweka mkono mdomoni. Akatabasamu mpaka nikamwonea huruma. Halafu akatoka kwa mlango mwingine, mbio, kuelekea karakana. Yeye alikimbia!

"Mkimbilie!" akasema Salim.

Nawaambia ukweli, nilisimama pale kama mtu anayesubiri basi. Kumkimbilia dada wa watu, kumshika mkono, kumpigia kelele kwa Kiingereza ambacho sina? Salim akanivuta kwa shati.

Tulipoingia karakana, Linda alikuwa ameshamfikia Erik na ananong'ona sikioni mwake. Erik akasoma zile karatasi. Nikaona macho yake yamekuwa mekundu, na nikajua nimekwisha. Mtu akikasirika utaomba msamaha. Mtu akifurahi hivyo utamfanyaje?

Akapiga makofi watu wanyamaze. Salim alinitafsiria polepole, na kila sentensi ilikuwa inanishusha chini.

"Asema ana habari njema. Asema wa kwanza kuingia leo si tajiri. Ni kikundi cha akina mama wanaopika. Asema mafuta ya kwanza ya mashine hii yalitoka kwa sufuria zao. Asema… ah, ndugu yangu. Asema mjumbe wao yuko hapa, apite mbele."

Watu wakageuka wote. Wakapiga makofi. Mzee wa sweta nyekundu akanisukuma mgongoni kwa upendo. Nikajikuta mbele, pembeni ya Erik, na Erik ananipa ile chupa ya mafuta meupe niishike juu watu waione. Nikaishika. Kofia ikashuka machoni. Nikabaki nimeinua chupa, sioni kitu, nasikia makofi tu.

Nilikuwa na njia mbili. Ningenyamaza, makofi yangekwisha, ningerudi nyumbani, na akina mama wangeendelea kukodi jiko la watu labda mpaka wazeeke. Kunyamaza ndicho kitu pekee ninachokiweza duniani. Ilikuwa rahisi sana.

Nikafungua mdomo. Lakini mnajua, mimi mbele ya watu nimesimama kanisani tu, kutoa ushuhuda. Kwa hiyo kilichotoka kilikuwa kile kinachotoka siku zote, kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa:

"Bwana asifiwe!"

Watu wananitazama. Nikasubiri jibu, kwa mazoea. Jibu halikuja.

Halafu kule nyuma, Salim, Mwislamu wa watu, kwa adabu tu ili nisiaibike, akaitikia:

"Amina!"

Basi nikapata nguvu. Nikainua kofia kwa mkono mmoja. Nikasema kwa Kiingereza cha maboksi: "Samahani. Kosa langu. Kikapu. Nilifikiri kanisa. Nilifikiri sadaka."

Mtu mmoja akacheka. Kicheko kidogo, alikuwa anajizuia. Wa pili akashindwa kujizuia. Halafu wote. Linda alijifunika uso kwa zile karatasi za Tantine. Mzee wa sweta nyekundu alivua miwani akajifuta machozi, akaivaa, akanitazama, akaivua tena. Mimi nimesimama, nimeshika mafuta ya ndege, masikio yanawaka moto. Nilifikiri, hapa ndipo kuna mvuke, nitalipua watu.

Erik hakucheka. Aliniuliza pole pole, "Unataka nikurudishie?"

Nikasema kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kilikuwa kimekwisha: "Nimetumwa kuuliza swali kwanza. Kampuni ikifa, pesa ya akina mama inarudi au hairudi?"

Salim akatafsiri. Kicheko kikaisha kidogo kidogo, kama mvua inavyoacha juu ya bati.

Erik akatazama chini. Akatazama mashine yake. Akatazama wale watu. Nilikuwa nasema moyoni, akizungukazunguka, nirudi mbio. Hakuzunguka.

"Hairudi," alisema. "Kampuni ndogo kama yetu nyingi zinakufa. Tukifa, hairudi. Na hata tukiwa hai, huwezi kuitoa siku unayotaka. Imeandikwa kwenye karatasi, lakini ilibidi niiseme kwa mdomo. Mtu asilete hapa pesa anayoihitaji. Hii walikuwa wameiweka ya nini?"

"Jiko," nikasema. Hilo nalijua kwa Kiingereza.

Akachukua karatasi kutoka kwa Linda. Akazikunja mwenyewe, akazirudisha kwenye bahasha, akanipa kwa mikono miwili. Watu hawakupiga makofi tena. Yule mama wa swali refu akauliza, "Sasa mafuta ya ndege yataanza kuuzwa lini?" Erik akasema bado hajui. Mzee wa sweta nyekundu akatoa karatasi yake mfukoni, akaanza kuisoma upya, mstari kwa mstari, na kidole.

Niliondoka bila kutazama nyuma. Salim alinichukulia simu yangu kwa Linda, akanisindikiza mpaka nje. "Waambie kina mama shughuli ya dada yangu ni mwezi ujao, nataka sambusa," alisema. Halafu akaniambia nirudishe kofia. Nilikuwa nimefika kwenye gari nayo.

Nikampigia Tantine. Kumbe alikuwa amewaunganisha wote saba kwenye simu, wananisubiri, kila mtu mapumziko yake ya kazi.

"Umeuliza?"

"Nimeuliza. Hairudi."

"Bahasha?"

"Ninayo."

Wakashangilia. Mama Furaha peke yake akasema, "Hm." Ningenyamaza hapo, leo ningekuwa shujaa. Lakini Tantine akauliza kwa nini sauti inatetemeka, na mimi sijui kumdanganya Tantine. Nikasema yote. Kikapu, simu, Amina, Bwana asifiwe.

Halafu nikasikia mtu ameangusha sinia, na akina mama saba wakacheka kila mmoja kazini kwake, mpaka bosi wa mmoja akaja kuuliza nani amefariki.

Wameamua. Ni jiko. Tantine amesema keshokutwa wanakwenda kusaini mkataba wa jiko, na mimi niwepo, "kwa sababu huyu sasa anaweza kuongea." Mafuta yaliyotumika wataendelea kumpa Erik, wanasema ni mtu mkweli.

Nilifikiri yamekwisha. Nikaja kanisani kumkabidhi Tantine bahasha yake. Nilipotoka tu, Mama Furaha akanivutia pembeni, akaangalia kushoto, akaangalia kulia.

"Mtoto wangu. Ile sadaka ya Pasaka nilitoa nyingi kuliko nilivyokusudia. Ulisema uliwaambiaje, mpaka wakakurudishia?"

Tafadhali msicheke. Na kama mmeshindwa, chekeni chini chini, mchungaji yuko dirishani.